Ungevua Mtandio Wako?

Tulikuwa tunaosha masufuria nyuma ya kanisa. Futari ilikuwa imekwisha, wanaume wameshaswali magharibi kwenye majamvi uani, vijana wa kanisa wanakunja viti vya plastiki, na sisi wanawake tumebaki na kazi yetu ya siku zote. Sufuria la pilau lilikuwa limeshika ukoko. Mama mmoja wa kanisani, wa rika la mama yangu mzazi, alikuwa amelishikilia kwa mkono mmoja na kwa mwingine analisugua kwa waya. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Mwanangu, siku ile ya basi la Mandera. Ingekuwa wewe, ungevua mtandio ukampa mwenzio?"

Nikamjibu kilichokuwa moyoni. "Sijui, mama. Naomba Mungu asinijaribu kwa hilo."

Akamimina maji, akalizungusha sufuria, akatazama ndani. "Na mimi sijui," akasema. "Sijui kama ningeupokea."

Ramadhani imeisha, Shawwal imepita, na neno lake hilo la pili bado ninalo.

Aliyepokea

Habari ya basi lile lililovamiwa na al-Shabaab njiani kuelekea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, tunaijua sote, kwa hiyo sitaisimulia upya. Desemba 21, 2015, abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao Wakristo, wanawake wakawafunika wenzao kwa mitandio, na washambuliaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016, hospitalini Nairobi. Alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi Mandera. Mungu amrehemu.

Kila nikisikia habari hii ikisimuliwa, msikitini au redioni, husimuliwa kutoka upande wa aliyetoa. Ujasiri wake, imani yake, mkono wake unaovua. Na ni haki yake kusifiwa.

Lakini mfikirie aliyepokea.

Basi limesimama porini. Nje kuna bunduki. Mtu uliyepanda naye, ambaye labda mmegawana maji ya chupa njiani, anakutupia kitambaa mapajani. Ukijifunika, umeiweka roho yako mikononi mwake, na mikononi mwa kila abiria aliyekuona ukijifunika. Anatosha mmoja tu wa kunyoosha kidole. Na wewe unakumbuka vizuri yaliyotokea mwaka mmoja tu nyuma, Novemba 22, 2014, basi jingine lililotoka Mandera kwenda Nairobi liliposimamishwa, abiria wakapimwa kwa shahada, tamko la imani ya Kiislamu, na watu 28 wakauawa. Wengi walikuwa walimu wanaorudi kwao kwa likizo ya Krismasi. Siku kumi baadaye wakauawa wachimba mawe 36 kule Koromey, karibu na Mandera. Aprili 2015 ikaja Garissa, chuo kikuu, watu 148.

Baada ya hayo yote, mwanamke akapewa mtandio na akajifunika.

Hilo ndilo mama alilokuwa ananiambia pale kwenye mabomba. Kutoa kunataka moyo. Kupokea kunataka umjue anayekupa, au uwe umewahi kumjua mtu wa aina yake vya kutosha mpaka mkono wako ukubali kabla akili haijamaliza kuhesabu hatari. Nami nikaanza kujiuliza ujuzi huo hupatikana wapi, na nani hukaa akaujenga, kwa sababu ndani ya basi nafasi ya kuujenga haipo.

Sufuria lenye rangi nyekundu

Futari yetu ya pamoja hapa Likoni, Mombasa, nusura ivunjike kabla haijaanza, kwa sababu ya sufuria.

Kanisa lilijitolea kupika. Jambo jema, kila mtu akashukuru. Kisha simu zikaanza kupita kimya kimya upande wetu: je, masufuria yao hayajapikiwa nguruwe? Nyama wanachinja nani? Hakuna aliyetaka kuuliza, maana kuuliza kungeonekana ni kuwadharau watu waliotukaribisha. Mpango uliokuwa unasukwa ni kwamba tubebe chakula chetu vikapuni na tuseme kimezidi nyumbani. Tungeenda, tungekaa, tungetabasamu, tusingegusa chao. Na wao wangeona, kwa sababu mpishi huona nani hajala.

Yule mama wa kanisani akapata fununu. Akampigia simu mwenyekiti wa akina mama wa madrasa. "Niambieni mnachotaka, msinifiche. Mkinificha nitapika na nyinyi hamtakula, na mwaka ujao sitawaita."

Basi yakasemwa. Nyama ikanunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu wa mtaani, naye akapewa nafasi aje aone inavyopikwa. Sufuria likachangiwa, jipya kabisa, likapakwa rangi nyekundu kwenye vipini, na linakaa kwenye stoo ya kanisa likitumika kwa shughuli za pamoja tu. Nasi tukaambiwa letu: miaka hii Ramadhani na Kwaresima zimekutana, na Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki hawali nyama. Sisi tulikuwa tumeomba futari iwe Ijumaa, tena ya pilau ya nyama, bila hata mmoja wetu kujua. Ikahamishwa Jumamosi.

Mikutano ya viongozi wa dini nimehudhuria. Kuna meza ndefu, kuna bango, sheikh na askofu wanashikana mikono, picha inapigwa. Sisemi haina maana. Vijana wengi wa Pwani picha kama hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kuona kanzu na joho vimesimama bega kwa bega, na picha hubaki kichwani. Ila sijawahi kuona mkutano wa aina hiyo ukifika kwenye swali la sufuria. Watu wakubwa wanastahiana mno.

Na Likoni si mahali ambapo heshima ya juu juu inatosha. Waliokuwa watu wazima Agosti 1997, vita vya kikabila vilipozuka hapa, wanakumbuka nani alikimbilia kanisani na nani alibaki akilinda nyumba za waliokimbia. Machi 2014 watu waliingiliwa kwenye ibada ya Jumapili wakapigwa risasi. Baraza la viongozi wa dini wa Pwani, CICC, lenyewe lilizaliwa kutokana na vita vile vya 1997. Majeraha yetu yana tarehe.

Sokoni Wajir

Nilipotafuta mahali ambapo jambo hili lilifanywa kwa mpango, si kwa bahati, nilirudi kwa Dekha Ibrahim Abdi, mwanamke mpatanishi wa Wajir, kaskazini mashariki.

Wengi wanamjua kwa tuzo ya Right Livelihood aliyopewa mwaka 2007. Kilichonivuta mimi ni mwanzo, kule Wajir mapema miaka ya tisini, ukame umeua mifugo, koo zinauana, bunduki za Somalia zimejaa. Yeye ni mama kijana mwenye mtoto mchanga, usiku risasi zinapita, wamejificha chini ya kitanda. Asubuhi mama yake anamwambia kwamba na yeye, miaka ya sitini, alijificha vivyo hivyo, na mtoto aliyekuwa kifuani ndiye Dekha mwenyewe.

Dekha na wanawake wenzake hawakuanza na tamko. Walianza na soko. Sokoni kulikuwa kumefika mahali mwanamke wa ukoo huu haruhusiwi kununua wala kuuza kwa wa ukoo ule. Wakaunda kamati ya kulitazama soko: kila mwanamke aingie, auze, anunue, na likitokea tukio liripotiwe na lishughulikiwe. Wakakubaliana pia neno zito kuliko yote, kwamba hata mtu wa ukoo wangu akimuua mtu wa ukoo wako, sisi wawili hatutaacha kazi hii.

Kisha wakawaendea wazee. Waliyemtanguliza kuzungumza alitoka ukoo mdogo kabisa, ambao haukuwa tishio kwa mwingine yeyote. Hii ni akili ambayo ingefaa ifundishwe. Mwaka 1993 wazee wakatia saini azimio la amani la Al Fatah. Vijana wakaingizwa, wafanyabiashara wakaingizwa, kikaundwa kikosi cha kukimbilia penye fununu ya vita kabla haijawa vita, chenye wazee, wanawake, watu wa dini na maofisa wa usalama. Kufikia 1995 serikali ya wilaya ikaipokea kamati hiyo kama sehemu ya mfumo wake, na kamati za amani tunazoziona leo nchi nzima zimeiga Wajir.

Wale walikuwa Waislamu kwa Waislamu, utasema. Kweli. Lakini mwaka 1998, uhusiano kati ya Waislamu na Wakristo wachache wa Wajir ulipochafuka, Dekha na wenzake hawakuanza kutafuta mbinu mpya. Walikuwa nayo, na walikuwa na watu waliozoea kukaa pamoja wakati damu imemwagika.

Na mbinu haijali mpaka. Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye wa Kaduna, Nigeria, walipigana wao kwa wao mwaka 1992. Wuye alipoteza mkono, Ashafa alipoteza mwalimu wake na ndugu wawili. Tangu 1995 wanafanya kazi ofisi moja. Baada ya ghasia zetu za uchaguzi wa 2007 walikuja Burnt Forest kupatanisha Wakalenjin na Wakikuyu, ambao wengi wao ni Wakristo pande zote mbili. Imamu kutoka Kaduna akawasuluhisha Wakristo wa Bonde la Ufa. Tangu nilipolijua hilo, siridhiki tena na maelezo kwamba ugomvi wetu ni wa vitabu vitakatifu.

Imamu nyumbani kwa askofu

Sasa nifike penye kunikera.

Swali la mtandio huulizwa Waislamu. Ungevua? Ungesimama mbele ya bunduki? Kila shambulio likitokea tunaulizwa, kwa upole au kwa ukali, tuthibitishe. Julai 2012, makanisa mawili ya Garissa yaliposhambuliwa na watu wasiopungua 15 wakafa, viongozi wa Kiislamu waliamua vijana wao walinde makanisa. Nilijivuna kwa uamuzi ule na bado najivuna. Lakini ulinzi ukienda upande mmoja miaka nenda miaka rudi, anayelindwa huishi na deni na anayelinda huishi kama mshukiwa. Hapo urafiki hauna pa kukaa.

Ndiyo maana habari ya Bangui imenishika. Desemba 2013 wanamgambo wa anti-balaka walipoingia mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati na Waislamu wakawa wanawindwa mitaani, Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga alimchukua Imamu Omar Kobine Layama na familia yake wakakaa kwake kwa miezi. Pamoja na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou walikuwa wakienda watatu vijijini, wakiingia penye vizuizi vya watu wenye mapanga. Walikuwa wameshaanza kufanya kazi pamoja kabla vita havijapamba moto, kwa hiyo imamu alipoingia nyumba ile hakuwa mgeni.

Hapo Mwislamu ndiye aliyepokea. Imamu mzima, kiongozi wa watu, analala nyumba ya askofu na kula chakula cha askofu, huku waumini wake wengine wakisema mengi. Nadhani ule pia ni ujasiri, na kwa kiongozi mwanamume labda ni mgumu kuliko wa kutoa.

Hapa Pwani nani anatuficha sisi?

Kiti cha mwisho

Tangu Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Mombasa aliyeshutumiwa kuwasaidia al-Shabaab, alipouawa kwa risasi ndani ya gari na makanisa ya Mombasa yakashambuliwa kwa hasira, mashekhe wengine wakafuata, na vijana wakaanza kupotea. Mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa yameandika majina, tarehe, namna walivyochukuliwa. Ripoti zipo.

Kwenye mikutano ya dini mbalimbali jambo hili halisemwi. Ajenda ni itikadi kali: jinsi ya kuwaonya vijana, jinsi ya kutambua dalili. Mama ambaye mwanawe alichukuliwa na gari lisilo na namba hana ajenda ya kuingilia. Tena anaogopa. Akija kwenye kikao hajui nani pale ndani anaandika jina lake.

Kwenye mtaa wetu yupo mmoja. Alikuwa akija futari na kukaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, akifuturu tende na uji na kuondoka. Sisi Waislamu wenzake tulikuwa tunamsalimia na kupita, kwa sababu kusimama naye kulikuwa na gharama yake.

Aliyesimama naye alikuwa mwanamke wa kanisani anayeuza mboga jirani na stendi ya matatu. Hakumpeleka pembeni. Alimuuliza hapo hapo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: "Na kijana wako, kuna habari yoyote?"

Meza yote ilinyamaza. Yule mama akajibu, na akaendelea kujibu mpaka adhana ya isha. Alieleza vituo alivyozunguka, kile kimoja alichoambiwa arudi kesho mpaka kesho zikamwisha, suruali aliyoivaa mwanawe siku ile. Wanawake wa kanisa walikuwa wanalia. Wawili wao, siku iliyofuata, walikwenda naye kituoni, wamevaa sare zao za umoja wa akina mama. Askari wa zamu aliandika maelezo yake upya, akampa namba ya kumbukumbu. Kijana hajapatikana hadi leo. Lakini kwa mara ya kwanza tangu mwanawe apotee, mama yule aliingia mle ndani akiwa na watu ambao hakuna ofisa angewaita ndugu wa magaidi.

Nilipoliona hilo, swali la sufuria na swali la mtandio yakaungana kichwani mwangu. Mama wa mboga asingeuliza vile kama asingekuwa amekaa na sisi tukibishana kuhusu nguruwe na Ijumaa za Kwaresima. Alikuwa ameshatuona tukisema lisilosemeka, na dunia haikuanguka.

Basi moja halitoshi

Kuna usiku mashaka hunizidi, na sababu yake ni walimu.

Baada ya basi la Mandera nchi nzima ilisifu. Mwalimu Farah, akiwa ameshazikwa, alipewa nishani na Rais. Ungedhani mlango uliokuwa umefungwa na mauaji ya 2014 umefunguliwa na mitandio ile. Januari 13, 2020, walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Tume ya walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka kaskazini mashariki kwa wingi, na watoto wa Garissa, Wajir na Mandera wakabaki na madarasa yasiyo na mwalimu wa hesabu wala wa sayansi. Sina lawama kwa mwalimu aliyeondoka. Mimi ningekuwa mama yake ningemwambia aondoke.

Lakini ina maana kwamba moyo wa abiria wa basi moja hauwezi kubebeshwa kazi ya taifa. Hauwezi kuwa ulinzi wa barabara, wala sera ya elimu, wala haki kwa waliopotea. Tukiendelea kuusimulia kama muujiza tutakuwa tunausubiri utokee tena, na mtu mwingine kama Farah afe ili tupate cha kusifu. Wanawake wa Wajir walifanya soko liwe na kamati kwa sababu hawakutaka kutegemea muujiza.

Fedha zilizokuja

Wiki iliyopita kikundi chetu kimeletewa barua. Shirika moja limesikia habari zetu na liko tayari kutugharamia: futari kubwa zaidi, fulana, posho ya usafiri, warsha hotelini. Sharti ni mradi uitwe wa kupambana na itikadi kali kwa vijana, na kila robo mwaka tupeleke ripoti yenye majina ya vijana walioko hatarini.

Wapo wanaotaka tukubali, na hoja zao si za uroho. Matatu zinawala nauli, wengine hukosa mauzo ya siku nzima wakija kikaoni. Mmoja alisema vizuri: amani haiwezi kuwa kazi ya bure inayofanywa na wanawake maskini peke yao. Katika hilo namuunga mkono, na nadhani tutafute mchango wa misikiti na makanisa yetu wenyewe, hata kama ni shilingi mia kwa mwezi kila familia.

Kuhusu barua, uamuzi utatolewa Jumamosi. Nitapinga. Nitasema mbele ya wote kwamba siku tutakayoandika orodha ya majina ya watoto wa Waislamu na kuituma mahali tusipopajua, yule mama wa kiti cha mwisho hatakuja tena, na hatakuwa amekosea. Yule mama wa sufuria ameniambia atazungumza baada yangu. Ameniomba nimchapishie nakala za barua kwa herufi kubwa, apate kuwasomea wenzake kifungu kwa kifungu kabla ya kura.